Je, wajua kwa nini watu wawili hupanda treni moja wakafika miji tofauti?

Mganda anayepanda treni ughaibuni kwa mara ya kwanza huogopa jambo moja: kupanda treni siyo. Anamuuliza askari, anamuuliza muuza magazeti, anasoma ubao mara tatu, kisha anaingia mlango ulio karibu na kukaa kwa raha zake. Treni ni yenyewe kweli. Behewa silo.

Dhana kwamba treni nzima huenda palipoandikwa mbele yake tumeitoa kwenye basi. Basi la Mbale lote linakwenda Mbale, kuanzia dereva hadi kuku aliyefungwa chini ya kiti cha nyuma. Treni ya abiria ya Kampala kwenda Namanve nayo haina ujanja wowote. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba treni "inagawanyika njiani", anadhani ataambiwa ashuke apande nyingine. Sivyo. Hakuna kushuka. Treni yenyewe inakatika vipande viwili, kila kipande na abiria wake na safari yake, na aliyesinzia upande usio wake anakwenda nao huko huko.

Wala haya si maajabu ya Wazungu. Kwa miaka mingi treni ya reli ya kati ya Tanzania imekuwa ikitoka Dar es Salaam ikiwa moja, na ikifika Tabora inakatwa: mabehewa mengine Kigoma, mengine Mwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Sababu kubwa ni nafasi kwenye reli. Treni ya mwendo kasi huhitaji kilomita kadhaa ili isimame, kwa hiyo kila treni lazima iachiwe kipande kirefu cha njia mbele yake. Chukulia kwamba barabara ya Kampala hadi Iganga polisi wanaruhusu gari moja tu kila baada ya dakika 10. Teksi ya Tororo na ya Mbale zikifungwa pamoja, zinatumia zamu moja badala ya mbili. Zikishapita Iganga, kwenye njia panda ya Tirinyi, zinafunguliwa. Hakuna abiria anayeinuka, maana kila mmoja alikaa kwenye teksi yake tangu Kampala. Lakini kama wewe wa Tororo uliingia ile nyingine kwa sababu ilikuwa na kiti cha dirishani, Budaka, iliyo njia ya Mbale, utaiona, upende usipende.

Japani wamelifikisha jambo hili mbali. Kutoka Tokyo, Hayabusa ya kijani na Komachi nyekundu hukimbia zikiwa zimeshikana pua kwa pua, hadi kilomita 320 kwa saa. Zikifika Morioka zinaachana kwa dakika chache tu: Komachi inakata kwenda Akita, Hayabusa inaendelea kaskazini. Ujerumani, treni nyingi kutoka Berlin hukatwa Hamm. Kipande kimoja hupitia Dortmund na Essen, kingine Wuppertal hadi Köln.

Kwa hiyo namba ya behewa iliyo kwenye tiketi si pambo. Soma kibao kilicho kando ya mlango unaoingilia, si kile cha mbele ya treni. Kama tiketi haina namba ya kiti, kama ilivyo kawaida kwa treni nyingi za Uingereza, sikiliza matangazo au muulize kondakta kabla hujaweka mzigo juu.

Usitegemee kurekebisha mambo ndani kwa ndani. Treni zilizoungana pua kwa pua, kama hizo za Japani, hazina njia ya kupita kutoka moja hadi nyingine. Baadhi ya zile za Uingereza zinayo, ila ukiwa na sanduku la kilo 23 njia hiyo huonekana ndefu. Ukigundua mapema, shuka kituo chochote kabla ya pale zinapoachana, tembea haraka jukwaani, uingie kipande chako.

Na treni ikianza kurudi kinyumenyume ilikotoka, kama zifanyavyo nyingi Frankfurt, usiruke. Stesheni kuu ya pale reli zake zinaishia ukutani, kwa hiyo dereva huhamia upande wa pili na safari inaendelea.