Kikapu si mchezo namba moja Marekani, na takwimu mnazosoma hazilinganishi mnachodhani

Nimechoka kusikia kwamba mpira wa kikapu ndio mchezo unaopendwa kuliko yote Marekani. Juzi nimelisikia tena redioni, kwenye kipindi cha michezo cha asubuhi, kutoka kwa mtangazaji ambaye kwenye ligi ya hapa nyumbani hakosei hata jina la kipa wa akiba. Hoja yake ni ile ile: nenda popote duniani, taja LeBron, taja Curry, watu watakujibu, sasa taja mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, si soka, uone. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa ndani yake, lakini si ukweli aliokuwa anautangaza. Inaeleza kinachoonekana ukiwa Dar es Salaam. Haielezi hata kidogo mtu wa Ohio anatazama nini Jumapili mchana.

Kazi yangu ni kusoma takwimu za watazamaji kwa niaba ya wanaonunua muda wa matangazo ya biashara, kwa hiyo kwangu jambo hili si ubishi wa kijiweni. Ukilikosea, fedha ya mtu inaangukia pasipo watu.

Upande wa Marekani kwenyewe nitaupita haraka. Desemba 2023 Gallup, shirika la kura za maoni, waliwauliza Wamarekani ni mchezo gani wanapenda zaidi kuutazama. Asilimia 41 walijibu futiboli, 10 besiboli, 9 kikapu. Futiboli inaongoza kwenye swali hilo tangu 1972, ilipoiondoa besiboli kileleni. Kumbukeni tu kwamba swali ni la mchezo, si la ligi, na futiboli ya vyuo vikuu ina wafuasi wake wengi humo ndani. Hata hivyo, mwenye kudai kikapu ndicho namba moja kule anabishana na nusu karne ya majibu ya Wamarekani wenyewe.

Hapo ndipo wanapoingia wajuaji wa upande wa pili, na hawa ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wamefika mahali sahihi kwa njia mbovu. Wanakuja na namba mbili: Super Bowl ya Februari 2025, yaani fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli, Eagles na Chiefs, watazamaji milioni 127.7, na fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu, za Juni mwaka huo huo, Oklahoma City na Indiana, wastani wa milioni 10.3. Wanagawanya, wanapata mara 12, wanafunga mjadala.

Twende taratibu. Super Bowl ni mechi moja, siku moja, mwaka mzima umeingojea. Fainali ile ya NBA ilikwenda mechi saba. Hebu wafikirie Simba na Yanga wakicheza mara saba ndani ya wiki mbili na nusu, halafu mtu achukue watazamaji wa mechi ya nne awalinganishe na wale wa dabi moja ya msimu. Mechi ya kwanza ya fainali ile ilivuta chini ya milioni 9, ya saba ikavuka milioni 16. Mechi ya kuamua huvuta watu, na Super Bowl ni ya kuamua siku zote. Tena Super Bowl imebeba tamasha tumboni: Kendrick Lamar alipopanda jukwaani wakati wa mapumziko, wastani ulifika milioni 133.5, juu ya ule wa mechi yenyewe. Kuna mamilioni pale waliokuja kwa ajili ya muziki, chakula na matangazo ya biashara. Ni watazamaji halali, nawahesabu, lakini siwezi kuwaita wote wapenzi wa futiboli.

Basi mjuaji anahamia msimu wa kawaida. Mechi ya kawaida ya NFL, anasema, ilikuwa na wastani wa milioni 17.5 msimu wa 2024. Kweli, namba imeandikwa hivyo. Tatizo ni kwamba si namba ya mechi moja. Jumapili saa 7 mchana kwa saa za New York, kituo kama CBS au Fox hurusha mechi kadhaa kwa pamoja: Boston wanaona hii, Denver wanaona ile, Miami nyingine. Kwenye jedwali zote hizo hujumlishwa zikawa kipindi kimoja. Wastani wa milioni 17.5 ni wastani wa vipindi, na ndani ya kipindi kimoja huenda zimo mechi nne au tano.

NBA inahesabiwa kinyume chake. Mechi ni 1,230 kwa msimu, nyingi zikionekana kwenye vituo vya mkoa wa timu husika, na watazamaji wa vituo hivyo hawaingii kwenye wastani wa taifa unaonukuliwa magazetini. Usiku wenye mechi kumi, watu wametawanyika kwenye vituo zaidi ya kumi na hakuna anayewajumlisha. Kwa hiyo upande mmoja umejumlisha mechi zake, upande mwingine umeziacha nje, kisha mtu anachora grafu moja na kuiita ulinganisho. Nimeiona grafu hiyo kwenye mawasilisho ya watu wenye shahada mbili.

Mizani ya haki zaidi ninayoijua ni mechi za NFL zinazochezwa peke yake, taifa zima likiona mechi ile ile. Alhamisi usiku zinakuwa Amazon, huduma ya kulipia, siku ya kazi. Msimu wa 2024 zilipata wastani wa milioni 13.2. Hapo hakuna ujanja wa kujumlisha, na bado mechi ya Alhamisi ya kawaida imeipita wastani wa fainali za NBA. Tena zijumlishe mechi zote saba za fainali ile, ukihesabu mtu yule yule mara saba: utapata kama milioni 72. Super Bowl moja bado iko mbele. Futiboli inashinda hata baada ya kuisahihisha hesabu. Ninachotaka ni isahihishwe kwanza.

Kama unataka kuona jambo hili kwa macho, chukua Krismasi ya 2024. Sikukuu hiyo ni mali ya kikapu tangu 1947. NBA walipanga mechi tano, na kubwa kuliko zote ikawa Lakers na Warriors, LeBron dhidi ya Curry. Curry alifunga pointi 38, akapiga mitupo miwili ya pointi tatu katika sekunde za mwisho na kusawazisha 113 kwa 113, kabla Austin Reaves hajapenya na kuweka mpira kikapuni ikiwa imebaki sekunde moja. Burudani bora kuliko hiyo huipati. Watazamaji: wastani wa milioni 7.8. Siku hiyo hiyo NFL waliweka mechi mbili Netflix, huduma ya kulipia tena. Chiefs waliwafunga Steelers 29 kwa 10, Ravens wakawafunga Texans 31 kwa 2. Mechi mbili zisizo na ushindani, na kila moja ikapata takriban milioni 24 ndani ya Marekani. Beyoncé alitumbuiza kwenye moja, sawa, lakini ile nyingine haikuwa naye na ilipata karibu sawa.

Halafu kuna shaka ambayo wenzangu wa fani hii hawapendi kuisema mbele ya wateja. Kipimo chenyewe kimebadilika miguuni mwetu. Wastani wa milioni 29 wa fainali za 1998, zile za mwisho za Michael Jordan na Bulls, haukuhesabu waliotazama baa wala hotelini. Watazamaji wa nje ya nyumba waliingizwa kwenye hesabu ya taifa mwaka 2020, wigo wao ukapanuliwa Februari 2025, kabla tu ya Super Bowl ile. Septemba 2025 Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, wakaanza kuchanganya sampuli yao ya kaya na data za ving'amuzi na televisheni janja. Kwa hiyo nikiona kichwa cha habari "rekodi mpya", swali langu la kwanza ni kama watu wameongezeka au mwenye kuhesabu ameongeza macho. Mara nyingi ni vyote viwili, na sina njia safi ya kuvitenganisha. Ndiyo sababu sipendi kulinganisha miaka. Nalinganisha mchezo na mchezo ndani ya msimu mmoja, basi.

Turudi kwetu, maana mtangazaji wangu wa redio naye ana haki yake. Nje ya Marekani kikapu kinaongoza kwa mbali, na sababu wanayoitoa watu, muda wa mechi, ni potofu. Jumapili saa 7 mchana New York ni saa 2 au saa 3 usiku hapa, muda mzuri kabisa wa kukaa sebuleni. Mechi ya NBA inayoanza saa 1 na nusu jioni kule, wakati wa baridi inatukuta saa 9 na nusu usiku. Kama saa ndiyo ingeamua, vijana wetu wangekuwa wanavaa jezi za Dallas Cowboys wa NFL.

Kinachoamua ni kwamba kikapu unakicheza. Ringi moja na mpira mmoja vinatosha watoto kumi pale JMK Park, Kidongo Chekundu. Futiboli inadai watu 11 kila upande, kofia ngumu na vikinga mabega. Kisha kuna watu wetu. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya kwa zamu. Bismack Biyombo ametoka Lubumbashi, Jonathan Kuminga ametoka Goma, na wote wawili walichaguliwa nafasi ya saba, mmoja 2011, mwingine 2021. Mwaka huo wa 2021 BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, ilizinduliwa Kigali. NFL nao wameanza kupita, kambi yao ilifika Nairobi 2023, na Mkenya Daniel Adongo aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea raga, bila kuwahi kucheza futiboli. Lakini ni mmoja, na hakudumu.

Wenye fedha wanaziona pande zote mbili. Haki za matangazo za NFL ziliuzwa 2021 kwa takriban dola bilioni 110 kwa misimu 11. Za NBA, 2024, takriban bilioni 76 kwa misimu 11. Kama watazamaji wa fainali ndiyo kila kitu, NBA wasingekaribia hapo. Wanunuzi wanalipia usiku mwingi wa maudhui kuanzia Oktoba hadi Juni, vijana, na nchi za nje. Juni 2025 Lakers wakapatiwa mnunuzi kwa thamani ya takriban dola bilioni 10, bei ambayo hakuna timu ya mchezo wowote ilikuwa imefikia sokoni.

Nitakachokifuatilia sasa ni Los Angeles 2028. Futiboli ya bendera, isiyo na kofia wala kugongana, ambayo mwenye mpira husimamishwa kwa kunyofolewa kitambaa kiunoni, itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Mei 2025 wamiliki wa timu za NFL walikubali wachezaji wao washiriki. Huo ni mchezo ambao hata Kidongo Chekundu unaweza kuchezwa kesho asubuhi.