Kwa nini bakteria wanaokula gliserini hulishwa kidogo kidogo?

Asubuhi kwenye vizimba vya sato, ufukwe wa Ilemela, Mwanza, mlishaji hamwagi mfuko mzima wa chakula ziwani. Anachota kwa kopo, anarusha, anatazama. Maji yakitibuka kwa samaki wanaogombania, anarusha tena. Wakianza kuzubaa na tembe zikaelea bila kuguswa, anafunga mfuko. Nilimuuliza mmoja kwa nini asiweke cha siku nzima akaenda zake. "Kinachobaki kinazama, kinaoza, na samaki wanakosa hewa," alisema.

Nililikumbuka jibu lake niliposoma namna viwanda vinavyolisha viumbe wadogo kuliko sato mara nyingi mno: bakteria wanaochachusha gliserini.

Gliserini unaijua. Ni ile chupa ndogo ya dukani, maji mazito matamu ya kupaka midomo ikikauka kiangazi. Ni ndugu wa sukari, katika kundi liitwalo alkoholi za sukari, pamoja na sorbitoli na zailitoli zinazotiwa kwenye bigijii zisizo na sukari. Neno alkoholi lisikutishe, hizi hazilevi. Gliserini hutokana na mafuta. Mafuta ya mbegu za pamba, mawese au alizeti karibu yote yameundwa na asidi tatu zilizoshikana na gliserini moja, na ukiyapika na kostiki, asidi zinakuwa sabuni na gliserini inabaki huru. Kilo 100 za mafuta hutoa takriban kilo 10 za gliserini. Anayepika sabuni nyumbani kwake Mabatini huiacha humohumo ndani ya kipande. Viwanda vikubwa huitenga kwa chumvi na kuiuza. Utengenezaji wa dizeli ya mimea nao huiacha kwa wingi, na ndiyo sababu watu wakatafuta matumizi zaidi ya vipodozi na dawa.

Tumizi moja lilikuwa linajulikana tangu zamani. Mwaka 1881 mkemia August Freund aliona kwamba gliserini ikichachushwa na bakteria hutoa kimiminika kiitwacho propanidioli. Siku hizi hutengenezewa nyuzi za mazulia na nguo.

Mmoja wa bakteria wanaofanya kazi hiyo ni Clostridium butyricum, mkazi wa udongo na matope, asiyevumilia oksijeni. Gliserini ikiingia kwenye seli yake hugawanyika njia mbili. Sehemu moja huvunjwa ili kupata nguvu ya kuishi na kuzaana, na huacha asidi pamoja na mzigo wa hidrojeni. Sehemu ya pili huubeba mzigo huo na kugeuka propanidioli. Kwa bakteria, propanidioli ni pa kutua mzigo tu. Sisi ndio tunaoitaka.

Hapo ndipo kasi ya kulisha inapoamua kila kitu. Gliserini ikiwa haba, bakteria huitumia zaidi kwa kujitafutia nguvu, na hidrojeni nyingi hutoka kama gesi badala ya kubebwa. Bakteria yupo, chakula kinaliwa, lakini unachokitaka kinapungua. Ikizidi mno, maji yanakuwa mazito kiasi kwamba seli inanyonywa maji yake, kama nyanya iliyonyunyiziwa chumvi. Kwa baadhi ya aina za bakteria kuna hatari kubwa zaidi: kabla gliserini haijawa propanidioli hupitia hatua ya katikati yenye sumu. Chakula kikija kwa mkupuo, sumu hiyo hurundikana haraka kuliko inavyoondolewa, na bakteria hufa kwa kazi yao wenyewe.

Kwa hiyo tangi huanzishwa na gliserini kiasi, kisha nyingine huongezwa polepole kwa pampu, ili ibaki ya ziada kidogo wakati wote. Si mbinu ngeni. Hamira unayotia kwenye mandazi hutengenezwa hivyo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watengenezaji wa Ujerumani na Denmark waliona kwamba hamira ikimwagiwa sukari yote kwa pamoja hutengeneza pombe badala ya kuongezeka, hata ikipewa hewa. Wakaanza kuidondoshea kidogo kidogo molasi, yale masalia matamu ya kiwanda cha sukari.

Lakini pampu ijuaje wakati wa kulisha? Sehemu hii ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Bakteria wanaokula hutoa asidi, na asidi lazima izimwe kwa kostiki ili wasidhurike. Basi wataalamu hufunga pampu mbili pamoja: kila kifaa cha kupima uchachu kinapoita kostiki, gliserini nayo huingia kwa uwiano uliopangwa. Wakila kwa kasi, asidi nyingi, chakula kingi. Wakipunguza, pampu nayo inapunguza. Ni kama yule mlishaji na kopo lake, akiwatazama samaki wake.

Gliserini peke yake haitoshi. Bakteria wanahitaji pia naitrojeni ya kujengea miili, kwa kawaida kutoka dondoo la hamira. Ikiwa kidogo hawaongezeki. Ikizidi, gliserini huishia kujenga seli tu. Baadhi ya bakteria, kama Klebsiella, huhitaji pia vitamini B12, kwa kuwa kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ndani ya seli, kinachoanzisha njia ya propanidioli hakifanyi kazi bila hiyo.

Hata hivyo, ulishaji mzuri una mwisho. Gliserini ghafi ya kiwandani huja na chumvi, ambayo hailiwi na bakteria na huongezeka kwa kila tone linaloingia. Propanidioli nayo inapofika kama gramu 60 kwa lita, bakteria wengi wa asili huanza kulemewa nayo. Asidi inapungua, pampu inanyamaza yenyewe, na wahudumu wanamimina tangi ili kuanza upya.