Je, wajua kwa nini mgonjwa mahututi hupewa antibiotiki kwenye mshipa na si vidonge?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sindano ni kali kuliko kidonge. Ukitoka zahanati na vidonge vitupu unahisi umepunjwa; ukitundikiwa dripu, hata majirani wanakubali kwamba kweli uliumwa. Kumbe mara nyingi dawa ni ileile. Metronidazo ya kwenye chupa ya dripu ndiyo hiyohiyo ya kidonge kinachoacha ladha ya chuma mdomoni, na kidonge hicho hufyonzwa karibu chote. Sasa kwa nini mtu akiletwa hospitali hajitambui, homa imempanda, muuguzi huanza kwa kusaka mshipa?

Mguse mikono. Mara nyingi imepoa, ingawa kifua kinawaka. Bakteria wakishaenea mwilini kupitia damu na presha ikaanza kushuka, mwili hubana matumizi: damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, huku ngozi, misuli na utumbo vikiambiwa visubiri. Kidonge kikimezwa saa hiyo kinafika tumboni na kukaa kama mzigo bandarini uliokosa wapakuzi. Na hapo tunamzungumzia aliyeweza kumeza bila kutapika. Sindano ya kwenye msuli nayo hucheleweshwa kwa sababu hiyohiyo. Lakini dawa iliyoingia mshipani hufika moyoni kwa sekunde chache, na kwa muda wa dakika moja hivi imeshauzunguka mwili.

Ziko pia dawa ambazo hata mtu mzima wa afya akizinywa ni kazi bure. Jentamisini haivuki ukuta wa utumbo kwa kiasi cha maana. Seftriaksoni vivyo hivyo. Penisilini ya mwanzo kabisa huharibiwa na asidi ya tumboni, na ndiyo maana polisi mmoja wa Uingereza, Albert Alexander, alichomwa ya mshipa huko Oxford tarehe 12 Februari 1941. Alikuwa na maambukizi yaliyoenea usoni hadi akapoteza jicho moja. Siku ya pili tu alianza kupata nafuu. Shida ni kwamba figo huitoa penisilini upesi mno. Katika nusu saa hivi, nusu yake huwa imeshaondoka kwenye damu. Akiba ilikuwa ndogo, basi watafiti wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaupeleka maabara kwa baiskeli, wanaitoa dawa humo na kumrudishia. Baada ya siku tano hivi dawa ikaisha. Bakteria wakarudi, naye akafariki tarehe 15 Machi.

Kisa hicho kinaeleza jambo ambalo ndugu wa wagonjwa hulalamikia wodini: mbona huyu anaamshwa usiku kuchomwa tena? Penisilini lazima irudiwe kila baada ya saa chache ili kiwango chake kwenye damu kisianguke. Seftriaksoni huondoka polepole zaidi, nusu yake ikichukua saa 8 hivi, kwa hiyo kwa magonjwa mengi dozi moja kwa siku inatosha. Si ajabu wodi zetu zimeipenda, pengine kupita kiasi.

Ugumu mkubwa uko kwenye homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Ubongo una kizuizi chake kinachochuja kila kinachotoka kwenye damu, na penisilini hupenya sehemu ndogo tu. Njia pekee ni kuijaza damu dawa nyingi sana ili hicho kidogo kinachopenya kitoshe kuua. Kwa vidonge huwezi kukifikia kiwango hicho.

Na saa inakimbia. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unataka mgonjwa ambaye presha yake imeporomoka kwa maambukizi apate antibiotiki ndani ya saa 1. Majibu ya kuotesha vijidudu maabara ili vitambuliwe huchukua siku moja, mbili au zaidi, kwa hiyo daktari huanza na dawa inayopiga aina nyingi za bakteria. Damu ya kupima ikichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ni bora, maana dawa ikishaingia vijidudu huwa vigumu kuota. Ila dozi haingojwi kwa ajili hiyo.

Hapa tutenganishe vitu viwili tunavyoviita vyote “dripu”: dawa na maji. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki karibu 11 kati ya 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa hivyo walifariki 7 kati ya 100. Wote walipata antibiotiki na matibabu mengine. Watoto wenye ugonjwa wa kuhara hawakuhusishwa, na hao kurudishiwa maji waliyopoteza ni jambo jingine kabisa. Lakini matokeo yale yaliwashangaza madaktari duniani kote, na mimi huyakumbuka kila ninaposikia mtu akidai “aongezewe maji apate nguvu”.

Presha ikitulia, homa ikishuka na mgonjwa akaanza kudai uji, utumbo unakuwa umerudi kazini. Kwa maambukizi mengi anaweza kuhamia kwenye vidonge baada ya siku mbili au tatu, ingawa ya uti wa mgongo humaliziwa kwa sindano. Ndugu wengine hukasirika wakidhani ametelekezwa. Muuguzi lakini ana haraka ya kuitoa ile kanula (kijibomba cha kupitishia dawa mshipani) mkononi, kwa sababu kila siku inapobaki pale, bakteria wa kwenye ngozi wanakuwa na mlango wa kuingilia kwenye damu ileile.