Sumaku Zote Si Chuma

Kila tunapofika kwenye mada ya usumaku na wanafunzi wangu wa kidato cha tano na sita hapa Tanga, nakutana na imani zilezile. Nyingi zinatoka shina moja. Mtu amejifunza sumaku kwa kutumia chuma, basi anaona kila sumaku lazima ifuate tabia ya chuma. Ziko sumaku ambazo hazifuati, na nazo ndizo zimewashughulisha wanafizikia kwa miongo mingi. Naziita sumaku zenye mkwamo.

"Chochote chenye usumaku, kikipozwa vya kutosha, hujipanga."

Kwa chuma ni kweli. Juu ya nyuzi 770 za Selsiasi spini za atomi zake, yaani visumaku vidogo vilivyomo ndani ya kila atomi, zinaelekea kila upande. Jotoridi likishuka chini ya hapo, zinaanza kukubaliana. Nenda kwa mafundi wanaofua vyuma Ngamiani utajionea: msumari ukitolewa motoni ukiwa umeiva hadi rangi ya chungwa, sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu haiunasi. Subiri upoe kidogo, unanasa.

Sasa chukua dutu ambayo kila spini inataka kuwa kinyume na jirani yake. Kwenye pembe nne za mraba hakuna tabu: juu, chini, juu, chini. Kwenye pembetatu mambo yanakwama. Ya kwanza iko juu, ya pili chini, ya tatu ielekee wapi? Ikienda juu inagongana na ya kwanza, ikienda chini inagongana na ya pili. Hakuna mpangilio unaoziridhisha jozi zote tatu. Mwaka 1950 Gregory Wannier alipiga hesabu ya tabaka zima la pembetatu lenye spini za juu na chini tu, akaonyesha kwamba halijipangi kamwe, hata ulipoze namna gani.

Umbo lenye mkwamo mkali zaidi tunalo pwani. Pale mwalo wa Deep Sea, litazame kwa karibu dema la fito. Fito zimepishana kwa pande tatu. Kila tundu lina pande sita, limezungukwa na vipembetatu sita, na vipembetatu hivyo vinagusana kwa ncha tu. Weka atomi moja ya shaba kila mahali fito mbili zinapokatana, umepata tabaka la hebatismithaiti, madini ya shaba na zinki. Nguvu ya spini zake kusukumana inalingana na kelvini zipatazo 200 (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kabisa, baridi ya mwisho), kwa hiyo ungetarajia zijipange mapema sana. Zimepozwa hadi chini ya sehemu ya kumi ya kelvini moja na bado hazijajipanga. Philip Anderson alikuwa amependekeza hali ya namna hii mwaka 1973, spini zikibaki katika umajimaji. Kwangu mimi hili ni jambo la ajabu kuliko chochote kilichomo kwenye muhtasari wetu wa masomo.

"Mkwamo unaletwa na uchafu."

Unaweza, lakini si lazima. Shaba iliyochanganywa na manganizi kidogo hugandisha spini zake ovyo ovyo, kwa kuwa atomi za manganizi zimekaa bila utaratibu. Hiyo huitwa kioo cha spini, na kazi ya Giorgio Parisi juu ya mifumo ya aina hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Pembetatu haihitaji uchafu wowote. Umbo lake peke yake linatosha.

"Ukikaribia sifuri kabisa, vurugu yote imekwisha."

Katika disprosi titanati spini zimekaa kwenye pembe za piramidi za pembetatu, na kanuni ni mbili zielekee ndani, mbili nje. Kati ya mipangilio 16 ya kila piramidi, 6 inaitii. Ni kanuni ileile ya hidrojeni katika barafu, ambayo Linus Pauling aliikokotolea entropi yake, yaani kipimo cha vurugu, mwaka 1935. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 vilikuta entropi iliyobaki katika dutu hii inakaribiana na hesabu ya Pauling. Kanuni ya tatu ya thamodinamiki, inayosema kwamba entropi ya dutu iliyotulia kabisa huishia sifuri kwenye sifuri kabisa, haijavunjwa: kwenye baridi hiyo spini zinakuwa nzito mno kugeuka, zinashindwa kufikia utulivu wa kweli.

Spini moja ikigeuka na kuvunja kanuni hiyo, huzaa jozi ya vitu vinavyofanya kazi kama ncha za sumaku zilizoachana, kama walivyoeleza Castelnovo, Moessner na Sondhi mwaka 2008. Anayesoma kwamba "ncha moja ya sumaku imepatikana" ajue zinaishi ndani ya fuwele tu.

"Mpito wa hali lazima uwe wa ghafla."

Maji yakichemka sufuriani, ndiyo. Lakini kwenye nyuzi 374 na shinikizo la takriban mara 218 ya lile la hewa, tofauti ya maji na mvuke inafutika taratibu. Usumaku wa chuma nao unafifia hivyo ukikaribia nyuzi 770. Zaidi ya hapo, kipeo, yaani namba inayoeleza tofauti ya maji na mvuke inavyofutika kwa kasi gani, takriban 0.326, ni kilekile cha sumaku ambazo spini zake zinajua juu na chini tu. Kenneth Wilson alipata Nobel mwaka 1982 kwa kueleza kwa nini.

Sumaku zenye mkwamo zinaleta utata hapa. Tabaka za pembetatu zikipangwa moja juu ya nyingine, spini zinazoweza kuzunguka huafikiana kwa kuachana pembe ya nyuzi 120, na zinaweza kufuata mwendo wa saa au kinyume chake. Hivyo mambo mawili yanajipanga pamoja: uelekeo wa spini na upande wa kuzunguka. Hikaru Kawamura alidai miaka ya 1980 kwamba hizi zina vipeo vya kundi jipya, tofauti na makundi yaliyojulikana, na vipimo vya fuwele za CsMnBr3 (sizi, manganizi na bromini) vilitoa vipeo tofauti na vya kawaida. Wengine wanashikilia kwamba mpito huo ni wa ghafla, ila mruko wake ni mdogo mno kuonekana kwa urahisi.