Shimo jeusi haliui galaksi kwa kuimeza

Dhana: Shimo jeusi kubwa (kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake) lililo katikati ya galaksi humeza gesi na nyota zote, ndiyo maana baadhi ya galaksi hazizai tena nyota.

Ukweli: Shimo halina mkono mrefu hivyo. Lile la galaksi yetu, Njia Nyeupe, lina uzito wa Jua mara milioni 4 hivi, na Jua lililo umbali wa miaka nuru 26,000 hivi halimo hatarini kumezwa.

Kinachotikisa galaksi ni kile kinachotoka. Gesi inayolizunguka shimo kabla ya kutumbukia husuguana, hupata joto kali mno, na inaweza kugeuza takriban asilimia 10 ya uzito wake kuwa nishati. Haidrojeni inapoungana kuwa heli ndani ya nyota hutoa asilimia 0.7 tu. Nishati ya shimo husambaa kama mnururisho, upepo, au mikondo miwili inayofyatuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga.

Nyota nazo huhitaji gesi baridi sana, karibu nyuzi 260 za Selsiasi chini ya sifuri, ndipo mvutano uweze kuikusanya. Katika kundi la galaksi la Perseus, darubini ya angani ya Chandra imeonyesha mapovu makubwa yaliyopulizwa na mikondo ya galaksi NGC 1275 ndani ya gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi ile ingeachwa ipoe, ingemiminika katikati na kuzaa nyota nyingi kuliko tunazoziona. Kwangu hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi: mara nyingi shimo haliifukuzi gesi, bali huinyima nafasi ya kupoa.

Dhana: Basi shimo ni adui wa nyota siku zote.

Ukweli: Hapana. Mkondo ukilipiga wingu zito la gesi bila kulisambaratisha, hulibana, na nyota zikazaliwa. Mwaka 2022, picha za Hubble za galaksi ndogo Henize 2-10 zilionyesha mkondo wa gesi kutoka kwenye shimo jeusi ukifika hadi eneo zinamozaliwa nyota.

Dhana: Shimo likiwaka, yaani gesi inayolizunguka iking'aa sana, uzazi wa nyota hukoma papo hapo.

Ukweli: Galaksi nyingi zenye mashimo yanayong'aa zinazaa nyota kwa wingi, kwa kuwa gesi ileile hulisha shimo na nyota pia. Tena shimo laweza kuwaka na kufifia mara nyingi katika kipindi ambacho galaksi inapunguza uzazi wake polepole. Kwa hiyo galaksi iliyoathirika zaidi yaweza kuwa ile ambayo shimo lake limetulia leo.