Singapuri: kisiwa kinachosingiziwa mengi

Uchaguzi ukikaribia, Singapuri hutajwa kwenye majukwaa yetu utadhani ni wilaya ya jirani. Miaka ya sitini, tunaambiwa, kilikuwa kijiji cha wavuvi, maskini sawa na sisi. Akaja kiongozi mmoja mkali, na tazameni leo. Kwenye kipaza sauti inanoga sana.

Lakini huo usawa haukuwapo. Singapuri ilipokuwa nchi huru, tarehe 9 Agosti 1965, pato lake kwa kila mtu kwa mwaka lilikuwa kiasi cha dola 500 za Marekani. La Kenya wakati huohuo lilikuwa karibu na dola 100. Wala haikuwa kijiji. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, meli za kwenda China zilitia nanga hapo kujaza makaa ya mawe, na bati na mpira wa Malaya vilipakiwa kwenye gati zake. Kiwanja cha ndege cha Kallang kilifunguliwa mwaka 1937. Vibanda vya mabati na miti vilikuwapo kweli, ajira nazo zilikuwa haba, na kazi waliyoifanya baadaye haina ubishi. Ila walianzia kwenye bandari kubwa, si kwenye ngalawa.

Hata namna walivyopata uhuru husimuliwa nusunusu. Walikuwa wameingia Malaysia Septemba 1963, na kwa miaka mingi imesemwa kwamba walifukuzwa. Wengi wanaikumbuka ile picha ya Lee Kuan Yew, waziri mkuu wao na ndiye yule kiongozi mkali wa majukwaani, akifuta machozi mbele ya kamera. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini wiki kadhaa kabla, waziri wake wa fedha, Goh Keng Swee, alikuwa amekaa faraghani na Tun Abdul Razak wa Malaysia wakipanga masharti ya kuachana. Ilikuwa talaka ya kukubaliana, watoto ndio walioambiwa mwisho.

Kosa la zamani zaidi ni lile la kusema kwamba mji ule ulianzishwa na Mwingereza, Stamford Raffles, mwaka 1819. Sisi tuliosomeshwa kwamba Vasco da Gama "aligundua" pwani iliyokuwa na miji na misikiti yake, tunaujua wimbo huu. Raffles alitia saini mkataba na Sultani Hussein Shah na Abdul Rahman, mkuu wa Kimalay mwenye cheo cha Temenggong, tarehe 6 Februari, akaondoka siku iliyofuata. Aliyebaki kuuendesha mji ni William Farquhar. Na karne tano kabla yao palikuwa na bandari iitwayo Temasek. Msafiri wa Kichina Wang Dayuan aliiandika katika karne ya 14, na utenzi wa Kijava wa mwaka 1365 unaitaja kama Tumasik. Wamalay walikuwa na kilima walichokiita Bukit Larangan, yaani kilima kilichokatazwa, kwa kuamini kwamba wafalme wa kale wamezikwa pale. Mwaka 1928 vibarua waliokuwa wakichimba juu yake wakakuta mapambo ya dhahabu ya karne hiyohiyo ya 14.

Jina nalo lina mchezo wake. Singapura ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India: simha ni simba, pura ni mji. Tarihi ya Kimalay inasimulia kwamba mwanamfalme Sang Nila Utama wa Palembang, huko Sumatra, alifika pale, akaona mnyama wa ajabu, akaambiwa ni simba. Simba wa porini hajapata kuishi kwenye visiwa vile. Kama kweli aliona kitu, huenda ni chui milia. Na msomaji asirukie kusema kwamba simha ndiyo iliyozaa simba yetu. Neno letu ni la Kibantu, limefanana tu kwa bahati. Lenye undugu wa kweli na simha ni Singh, lile tunalolisikia ndani ya Kalasinga. Jambo moja la kujivunia: "Singapuri" yetu iko karibu zaidi na jina la asili kuliko matamshi ya Waingereza.

Ile sanamu ya simba mwenye mkia wa samaki, anayetapika maji, watalii huidhania ni ya kale. Ilibuniwa mwaka 1964 kuwa nembo ya bodi ya utalii, na sanamu yenyewe ikasimama mwaka 1972.

Kutafuna chingamu si kosa la jinai. Kilichopigwa marufuku mwaka 1992 ni kuiingiza nchini na kuiuza, baada ya watu kuibandika kwenye milango ya treni.

Wapo pia wanaodhani Singapuri iko China, au ni mji wa Wachina watupu. Ni kweli kwamba takriban robo tatu ya wakazi wake wa kudumu wana asili ya Kichina. Hata hivyo lugha ya taifa ni Kimalay. Wimbo wa taifa ni wa Kimalay, amri za gwaride jeshini ni za Kimalay, na Mswahili akisikiliza kwa makini atanasa dunia, waktu, sabun na khabar bila mkalimani. Hapo tumekutana kwenye Kiarabu. Tumekutana kwa watu pia: Wahadhrami, hao tunaowaita Washihiri, walipanda majahazi kuja Lamu na Unguja, na ndugu zao wakaelekea mashariki. Ukoo wa Aljunied umeacha jina lake kwenye kituo cha treni cha Singapuri.

Katika mtaa wa Kampong Gelam upo Msikiti wa Sultani, uliojengwa upya na kukamilika mwaka 1932. Chini ya kuba lake la rangi ya dhahabu kuna ukanda mweusi unaong'aa. Ukisogea utaona ni vitako vya chupa, mamia kwa mamia, vimepangwa safu kwa safu. Zilichangwa na Waislamu maskini ambao hawakuwa na fedha za kutoa.