Injini ni moja, mbona moja inavuta na nyingine haivuti?

Swali hili huletwa gereji kwangu kila mara: "Fundi, mimi na jirani yangu tuna Toyota IST za mwaka mmoja, injini ni ile ile, mbona yake inapanda mlima Kitonga bila shida na yangu inahema?" Mwenye swali huwa ameshabadilisha plagi, pengine na pampu ya mafuta, bila gari kupimwa chochote. Hilo linaniuma sana, maana ni hela ya mtu inayotumika kubahatisha.

Kwanza hakikisha injini ni moja kweli. IST za mwanzo zilitoka na 2NZ-FE ya cc 1300 au 1NZ-FE ya cc 1500. Kwa nje zinafanana mno. Kipenyo cha silinda ni milimita 75 kwa zote mbili. Tofauti iko kwenye safari ya pistoni, 73.5 kwa ndogo na 84.7 kwa kubwa, na hiyo huioni mpaka ufungue. Ndogo hutoa nguvu za farasi 87, kubwa 109. Kuna na ndugu yao 1NZ-FXE wa Prius, gari la Toyota linalotumia petroli na umeme: kipenyo kile kile, safari ile ile, ila valvu za kuingizia hewa huchelewa kufunga ili kubana matumizi ya mafuta. Kwenye Prius ya 2003 ilitoa kilowati 57, wakati 1NZ-FE hufika kama 80, ndiyo zile farasi 109. Kwa hiyo soma kibati kilicho chini ya boneti, na kama injini iliwahi kubadilishwa, soma namba iliyogongwa kwenye bloki yenyewe.

Tuseme zote ni 1NZ-FE. Kiwandani hakuna vipande viwili vinavyotoka sawasawa kabisa. Ndiyo maana bloki na krenki hugongwa namba ndogo, ili fundi achague beringi za unene unaoendana nazo. Lakini tofauti hizo ni za sehemu za elfu za milimita, na kwa injini mpya dereva hawezi kuzihisi. Ninaposikia mtu anasema "injini yangu ilizaliwa dhaifu" huwa sikubali. Nyingi zilidhoofishwa baadaye, na mara nyingi kwa oili.

Kuna IST ililetwa ikiwa nzito kuondoka, inatetemeka kidogo kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), taa ya injini haijawaka. Nikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Kitabu cha 1NZ-FE kinasema psi (kipimo cha shinikizo) 213 ndiyo kawaida, 156 ndiyo ya chini kabisa, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa juu ya 190. Ya tatu iliishia 150. Nikatia oili kidogo kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo na kupima tena: mshale ukapanda mpaka karibu sawa na wenzake. Jibu ni ringi za pistoni, maana oili ile iliziba uwazi wake kwa muda. Kama usingepanda, ningeelekea kwenye valvu au gasketi. Tulipofungua, ringi za oili zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi, hazichezi. Mwenye gari alikuwa akiongeza oili tu, hamwagi ya zamani.

Oili chafu inaua na kitu kingine ambacho wengi hawakitazami. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, husogeza kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa nguvu ya oili, na oili hiyo hupita kwenye kichujio kidogo cha waya kabla ya kufika kwenye valvu inayoiongoza. Kichujio kikizibwa na oili iliyoganda kama lami, kamshafti haisogei inavyotakiwa. Injini inawaka vizuri, inanguruma vizuri, ila kwenye mzunguko wa chini haina nguvu. Kompresheni utaikuta nzima kabisa. Kabla hujauziwa injini nyingine, kichujio hicho kisafishwe.

Throto (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi, sensa ya hewa yenye vumbi na eksozi iliyoziba nazo hupunguza nguvu, lakini hizo mafundi wengi wanazijua.

Kisha kuna mahali. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata ukihesabu ubaridi wake, maana hewa baridi hubanana zaidi, hewa inayoingia kwenye silinda kule ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Farasi 109 wanabaki kama 93. IST ya cc 1500 ikiwa Mbeya inakaribia ile ya cc 1300 ikiwa Dar, na hakuna kilichoharibika. Nairobi nayo ni hivyo hivyo.

Mwinuko unagusa hata geji. Injini nzima inayosoma 213 pwani itasoma 170 na kitu Mbeya, na nimeona injini nzuri zikihukumiwa kufa kwa kusoma hivyo. Ukiwa nyanda za juu, angalia zaidi silinda zinavyopishana zenyewe kwa zenyewe kuliko namba ya kitabuni. Na unaponunua injini iliyotumika, mwombe muuzaji akupimie silinda zote nne, injini ikiwa na betri yenye chaji ya kutosha na throto imefunguliwa yote. Akikataa, nenda kwa mwingine.